Nilivyoua Chama Kizima cha Wafuga Nyuki kwa Kitufe Kimoja

Leo nimeua watu. Si mmoja wala wawili. Nimeua chama kizima cha wafuga nyuki, kuanzia mwenyekiti mpaka mwanachama aliyejiunga juzi, na nimewaua nikiwa nimesimama mbele yao na tai shingoni.

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka Kibondo. Watu wa kule wataiongezea chumvi, na hii habari chumvi yake imeshazidi.

Kwa walio wageni humu kundini, mimi ni yule mwenye steshenari karibu na soko, Kasulu mjini. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nawawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Juu ya mlango nimeandika "Mtaalamu wa Tehama". (Aliyenipa cheo hicho ni mimi. Rangi ilibaki kidogo nikaona isipotee bure.)

Sasa, chama cha wafuga nyuki wa Kibondo na Kasulu kilinipa kazi ya kuwatengenezea tovuti. Nikaitengeneza. Ina picha ya mzinga, ina picha ya mwenyekiti, ina nyuki anayeruka kutoka kushoto kwenda kulia bila sababu yoyote ya maana. Nyuma yake kuna databesi, yaani mahali seva inapotunza habari za wanachama: jina, kijiji, namba ya simu, namba ya ndugu wa karibu. Na kila mwanachama ana sehemu inayoonesha hali yake. Ni hai, au ni marehemu.

Kwa akili zangu nyingi nikaongeza na ufundi. Mwanachama akiandikwa marehemu, seva yenyewe inamtumia ndugu yake ujumbe wa pole kwenye simu. Akiandikwa hai, ndugu anatumiwa pongezi kwamba jamaa yake sasa ni mwanachama hai wa chama chetu. Nilipoionesha mara ya kwanza, viongozi walinipigia makofi. Mwenyekiti alisema sasa chama kina utu.

Kikao cha leo kilikuwa na jambo moja tu. Tuchague programu gani itumike kuiendesha hiyo databesi, maana mpaka sasa kila badiliko dogo lazima wanipigie mimi Kasulu, na mimi nikiwa nakula sipokei. Walitaka katibu wao, Bi Zuhura, aweze kufanya mwenyewe. Bi Zuhura ana duka la vitenge na soda pale Kibondo mjini, asili yake Tanga, na akikutazama kwa juu ya miwani unajikuta unapunguza bei hata kama huuzi kitu.

Wa kushindana na mimi alikuwa mwalimu Jotamu. Huyu anafundisha kompyuta kwenye sekondari moja ya hapo hapo. Mpole, shati limepigwa pasi, anaongea taratibu kama anayekusomea maelekezo ya dawa. Simpendi. (Hajanikosea kitu. Ndiyo maana kutompenda ni kazi ngumu, lakini najitahidi.)

Nimetoka Kasulu asubuhi nimevaa shati jeupe. Nimefika Kibondo shati lina rangi ya barabara. Nikajipangusa, nikafunga tai, nikaingia ukumbini na laptopu yangu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa. Wamekaa viongozi na wanachama waliokuja kusikiliza, wengi wazee, kofia magotini, simu za tochi mezani.

"Mwakeye," nikawasalimia.

Wakaitikia vizuri. Walikuwa bado wananiheshimu.

Nikaunganisha projekta, nikachomeka modemu, nikaiegemeza dirishani ili ipate mtandao, nikaanza kuwaeleza. Zipo njia tatu, nikasema. Ya kwanza ni programu ya kununua, unaiweka kwenye laptopu, ina vitufe vya rangi rangi. Ninayo, ila muda wa majaribio ulishakwisha, na kila nikiifungua inanikumbusha kwamba mimi ni mtu wa kuomba omba. Hiyo tukaiacha.

Ya pili ni ile ya kwenye brauza. Unaingia kama unavyofungua barua pepe, unaona majina yamepangwa, unabofya jina unalotaka, unabadili. Ukitaka kufanya jambo kubwa inakuuliza kwanza kama una uhakika. Hiyo ndiyo aliyoipendekeza Jotamu.

Ya tatu ni dirisha jeusi. Hakuna vitufe, hakuna picha, hakuna kuulizwa. Unaandika amri kwa mkono, seva inatii. Hiyo ndiyo yangu.

Kikaoni nilisema nimeichagua kwa sababu haichoshi mtandao wetu. Na ni kweli haichoshi. Lakini hapa tuko wenyewe, niwaambie sababu iliyonisukuma: ukiandika kwenye dirisha jeusi, watu waliokaa nyuma yako wananyamaza kama wako kanisani. Kwenye ile ya brauza hakuna anayenyamaza. Wanaona majedwali, wanaelewa, wanaanza kukushauri.

Bi Zuhura akatazama ukutani.

"Sasa mimi, mwanangu, hayo maandishi nitayajulia wapi?"

"Utazoea, Bi Zuhura. Ni lugha kama lugha nyingine."

"Lugha ya nani?"

"Ya seva."

"Na huyo seva akinielewa vibaya?"

Nikacheka kile kicheko cha wataalamu, cha puani. Jotamu akanyoosha mkono, akasema ile ya brauza ni salama kwa mtu anayeanza, kwa sababu inamuuliza kabla ya kuharibu.

"Mwalimu," nikamjibu, "hiyo ni programu ya watu wasiojiamini."

Wazee wakacheka. Nikajisikia vizuri sana. Kama kuna mtu angenipiga picha wakati ule, ndiyo picha ambayo ningependa mnikumbuke nayo.

Bi Zuhura akasema maneno yaishe, tufanye kazi ya kweli, tuone. Kuna mwanachama wa kijiji cha Kitanga, Bichuka, amefariki karibuni, tulishazika, lakini kwenye databesi bado ameandikwa hai. Nimbadilishe yeye.

"Tumia nakala ya majaribio kwanza," akasema Jotamu. "Usiguse data halisi."

"Majaribio ni ya wanaojaribu," nikasema.

Wazee wakacheka tena. (Jamani, kicheko cha wazee kinalevya kuliko pombe.)

Sasa nieleze hapa taratibu, maana ndipo nilipoangukia. Amri ya namna hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema kifanyike nini. Nusu ya pili inasema afanyiwe nani. Nikaandika nusu ya kwanza: hali iwe marehemu. Nikaweka na alama ya kumalizia, kwa mazoea. Halafu kabla ya kuandika jina la Bichuka nikageuka kuwahutubia kidogo kuhusu maendeleo ya sayansi. Nikahutubia. Nikanogewa. Nilipomaliza nikarudi kwenye laptopu, nikainua kidole juu kama mpiga kinanda wa kwaya, nikagonga Enta.

Dirisha likanijibu mstari mmoja. Lilinitajia ni watu wangapi wameguswa na amri yangu. Sikuusoma.

"Mmeona?" nikasema. "Mara moja tu."

Nikaendelea na maelezo. Seva yetu haitumi ujumbe papo hapo, inapita kila baada ya muda mfupi kuangalia kuna nani mpya kwenye marehemu. Leo ilipopita iliwakuta wengi.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya mwenyekiti, Mzee Ntamagiro. Mzee hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake anaiweka kwenye spika siku zote, na ukumbi mzima huwa unajua mambo yake.

"Halo," akasema Mzee.

Halafu sauti ya mwanamke iliyokwaruzwa na kilio: "Uri nde?"

Kwa wasiojua Kiha, anauliza wewe ni nani.

"Ni mimi, mumeo."

"Mume wangu amefariki. Nimesomewa ujumbe sasa hivi hapa Kagerankanda. Wewe mwizi, simu hiyo umeitoa mfukoni mwa marehemu?"

Mzee akaitazama simu, akairudisha karibu na mdomo.

"Marehemu nani?"

"Ntamagiro."

"Ntamagiro gani?"

"Wa kwangu. Na wewe hata aibu huna. Mwili mmeuweka wapi?"

Mzee Ntamagiro akajitazama tumboni, polepole, mpaka kwenye viatu.

"Mwili ninao mimi," akasema.

Nyuma ya sauti ya mkewe tulikuwa tunasikia viti vinaburuzwa. Majirani walishafika. Mzee akaona kubishana hakusaidii, akabadili mbinu. Akamwambia, asubuhi umenipa viazi vya jana, nikakataa, ukaniambia kama sitaki basi nikale huko huko kikaoni. Kilio kikakata.

"Wamewapa chakula?" akauliza mke.

"Bado."

"Basi uje. Watu wamejaa hapa."

Ukumbini hakuna aliyecheka, kwa sababu simu nyingine zilikuwa zimeanza. Moja kona ile, mbili huku nyuma, halafu zote. Kila mzee ameshika simu sikioni anamthibitishia mtu kwamba anapumua. Mmoja alikuwa anasema, "Nisikilize nikohoe," kisha anakohoa. Mwingine mkewe hakutaka kuongea naye kabisa, alitaka kuongea na mtu aliye hai, ikabidi simu apewe jirani yake, ambaye naye alikuwa marehemu.

Bi Zuhura alipigiwa na mpangaji wake wa Kibondo mjini. Yeye hakuweka spika, lakini majibu yake yalitosha.

"Kaka yangu wa Tanga amekupigia? Anasemaje? Anauliza friza langu kama linagandisha?" Akavua miwani. "Friza anataka la nini?" Akasikiliza. "Mimi nimefariki? Ameuliza nitazikwa lini?" Akasikiliza tena, kwa muda. "Hajafika huko. Ameanza na friza. Ahsante, baba, nimekuelewa."

Akakata simu, akavaa miwani, akanitazama kwa juu yake. Nilitamani kumuuzia kitu kwa hasara.

Jotamu akanisogelea, akaninong'oneza. (Kwa upole. Angenikemea ningempenda kidogo.)

"Nusu ya pili uliiandika?"

Nikasoma ukutani. Pale palipaswa kuwa na jina la Bichuka hapakuwa na kitu. Chini yake, ule mstari ambao sikuusoma ulikuwa unanitajia idadi ya wanachama wote wa chama, Kibondo na Kasulu, kwa maandishi makubwa ya projekta, na ulikuwa pale muda wote.

Nifanye nini mimi, mtaalamu wa tehama? Nikafunga laptopu. Niliifunga kama mtu anayefunika sufuria ili harufu ya kuungua isitoke. Ukuta ukawa wa bluu. Simu zikaendelea kulia.

"Usiandike kitu chochote," akasema Jotamu. "Seva inajitengenezea bakapu, nakala ya akiba, kila usiku. Tuzime kwanza kile kinachotuma ujumbe, halafu turudishe ya jana."

Ushauri mzuri, mfupi, sahihi. Lakini ulikuwa umetoka kwa Jotamu. Na mimi nilikuwa nimebaki na heshima ndogo sana, nikaona niitumie yote kwa mara moja.

"Hakuna haja ya bakapu," nikasema kwa sauti, ukumbi usikie. "Narudisha sasa hivi."

Nikafungua laptopu. Nikaandika: hali iwe hai. Watu wote. Enta.

Nikawatangazia kwamba tatizo limekwisha, wote wamefufuka, na baada ya muda mfupi ndugu zao watapata ujumbe wa kuwaambia hivyo. Na kweli zikaanza kuingia simu za furaha. Mkewe Mzee Ntamagiro akapiga kusema amesomewa kwamba mumewe ni mwanachama hai, majirani wanaondoka, ila wawili wamesema wanasubiri chai. Wazee wakaanza kucheka, wakaanza kutaniana nani alikufa kabla ya nani. Bi Zuhura peke yake hakucheka. Alikuwa anapiga simu Tanga, na huko hakupokelewa.

Nikalegeza tai. Nikafikiri, imepita. Nikaomba hata maji ya kunywa.

Ndipo ikalia simu ya chama, ile ambayo namba yake inatokea kwenye kila ujumbe. Ilikuwa karibu yangu. Nikaipokea mimi, kwa uchangamfu wote, na kwa kuwa nilitaka wote wasikie ninavyohudumia wateja, nikaiweka spika.

"Pole kwa usumbufu, mama, kila kitu kimesharekebishwa."

"Mimi ni mke wa Bichuka, wa Kitanga," ikasema sauti. Haikulia, haikupanda. "Kwanza mlinipa pole. Nikasema sawa, wamechelewa lakini wamekumbuka. Sasa mmeniletea kwamba Bichuka ni mwanachama hai."

Nikaipapasa simu nikitafuta pa kuzima spika.

"Nilitaka kuuliza," akasema, "mmemwona wapi?"

Nimeshawahi kuumbuka. Nimewahi kuchapa kadi za harusi na jina la bwana harusi wa mteja mwingine. Lakini leo nilisimama pale na tai yangu, ukumbi mzima unanitazama, na sikuwa na amri ya kuandika. Wote waliokufa miaka yote ya chama, walioandikwa marehemu kwa haki yao, nilikuwa nimewaandika hai, na ndugu zao kila mmoja alikuwa ameshika simu inayompongeza.

Mzee Ntamagiro akainuka, akaja, akaichukua simu mkononi mwangu. Akazima spika kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akaenda nayo pembeni, akaongea Kiha kwa sauti ya chini, muda mrefu. Nilisikia tu jina la Bichuka, na "Ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo, na mwisho akasema, "Aliyekosea anakuja mwenyewe leo."

Kisha akanirudishia simu.

"Umesikia," akasema.

Jotamu alishakaa kwenye kiti changu. Akazima kinachotuma ujumbe, akaingia kwa ile programu yake ya watu wasiojiamini, akarudisha bakapu ya jana, na kila ilipomuuliza kama ana uhakika alisoma mpaka mwisho ndipo akabofya. Halafu akamwita Bi Zuhura akae yeye. Bi Zuhura akalitafuta jina la Bichuka, akambadilisha hali yeye peke yake, programu ikamuuliza, akajibu kwa mdomo kwanza, "Ndiyo, nina uhakika," ndipo akabofya. Ikawa imechaguliwa. Hawakupiga hata kura. Wakagawana namba za familia zenye marehemu wa kweli, kila kiongozi akaanza kupiga kuomba radhi, na mimi nikatoka.

Nimepanda gari la kurudi Kasulu, nimeshuka njiani, nimechukua bodaboda mpaka Kitanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kueleza kwamba lilikuwa tatizo la kiufundi.

Mke wa Bichuka nimemkuta uani, anachambua mboga. Akaniletea kigoda. Nikamwangalia, lile tatizo la kiufundi likaniishia mdomoni.

"Nilikosea, mama," nikasema. "Ni mimi. Nilikuwa najionesha."

Akaendelea kuchambua.

"Mimi nilijua si kweli," akasema. "Nilimwosha mwenyewe kwa mikono yangu. Lakini mtoto aliponisomea, nilisimama nikaangalia njia. Nikaangalia kidogo tu."

Nikachukua fungu la mboga, nikaanza kuchambua naye.

Halafu akacheka kidogo, bila kunitazama. "Angerudi hata kwa dakika moja, ningemuuliza ufunguo wa ghala aliuweka wapi. Mbegu za maharage zimo humo ndani, mvua ndiyo hii, na sisi tunapekua nyumba."

"Hamjavunja kufuli?"

"Watoto walitaka. Niliwakataza. Nilikuwa nasema nitauona tu." Akaweka mboga chini, akajifuta mikono kwenye kanga. "Wewe si fundi? Chukua jiwe lile. Vunja."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Nilimuuliza kwa sauti, nikasubiri jibu mpaka likaja.

"Ndiyo," akasema. "Vunja, mwanangu."

Nimevua tai nikavunja. Ilinichukua mapigo mengi, kufuli la Bichuka lilikuwa la zamani na gumu, lakini limekubali. Akaingia, akatoka na mbegu kwenye ungo, akanifungia na maharage kidogo kwenye gazeti niende nayo. Nimeyakataa. Ameniambia nisimkasirishe mara mbili kwa siku moja. Nimeyapokea.

Sasa niko Kasulu, simu yangu haipumziki, na kuna mtu ameshaanza kuniita Mtoa Roho. Ombi langu ni moja. Mkipata ujumbe wa msiba kutoka chama chochote nilichokitengenezea tovuti, msikodi gari kwanza. Mpigieni marehemu. Akipokea, mwambieni namwomba radhi.